Maji ya Mbuyu Yako Wapi, na Kazi Yake Ni Nini?

Bongwe si mahali pa ukame. Iko nyuma kidogo ya Ukunda na ufuo wa Diani, kaunti ya Kwale, na ukanda huu wa pwani hupata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, nyingi ikinyesha masika kuanzia Aprili na nyingine wakati wa vuli. Minazi inastawi, mikorosho inazaa, na maembe yakifika msimu wake huanguka hadi yakakosa wa kuyaokota. Hata hivyo, mti unaojitokeza mbele ya macho kila upande, mashambani, kando ya barabara na ndani ya nyua za hoteli, ni mbuyu, ambao jamaa zake wengi wanaishi Kinango, Ukambani na nyika za Tsavo, ambako mvua ni haba na haina ahadi. Mti wa nyika unatafuta nini hapa?

Sehemu ya jibu iko chini ya miguu. Kutoka Diani kwenda Msambweni, ardhi iliyo karibu na bahari imekaa juu ya jiwe la matumbawe, mwamba uliojengwa na viumbe wa baharini zamani bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo. Jiwe hili limejaa nyufa na mapango. Mvua hunyesha, hupita, hushuka kwenye maji ya chini kwa chini, na udongo mwembamba ulio juu hubaki mkavu baada ya siku chache. Anayechimba kisima ataipata mvua hiyo. Mti wenye mizizi ya juujuu hautaipata. Na mizizi ya mbuyu, kwa ukubwa wake wote, haiendi chini sana. Husambaa kando, mara nyingi kupita urefu wa mti wenyewe, ikinyonya maji ya juu kwa haraka kabla hayajatoroka. Mti wa namna hiyo hauna budi kuweka kitu ndani ya mwili wake.

Hapo ndipo maneno mengi yanapoanza. Wanaowatembeza wageni Diani huwaambia kwamba mbuyu mmoja mkubwa umebeba lita 120,000 za maji. Takwimu hii imezunguka dunia, iko kwenye vitabu vya watoto na mabango ya mbuga, na kwa miti mikubwa kabisa si ya ajabu. Tufanye hesabu yetu wenyewe. Mbuyu wenye mzingo wa mita 12.5 una kipenyo cha karibu mita nne. Shina lake likiwa na urefu wa mita nane na halina uvungu, ujazo wake ni kama mita 100 za ujazo. Tukichukua kwa tahadhari kwamba nusu ya ujazo huo ni maji, tuna lita 50,000, yaani shehena ya malori kadhaa ya maji. Kiasi hicho mbuyu unacho kweli.

Shida ni picha inayokuja akilini mtu akisikia hivyo: tangi. Tuseme kiangazi kimeingia, mti unafungua bomba lake na kunywa taratibu hadi mvua irudi. Ungekuwa ufumbuzi mzuri, lakini mti haufanyi hivyo, na kuna sababu ya kimaumbile inayouzuia. Kuielewa inafaa kuanza na mti wowote, hata mkorosho ulio nyuma ya nyumba.

Maji ya mti yako mahali patatu. Kwanza yako ndani ya mishipa, mirija myembamba ya mbao inayopandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Mti hauna moyo wa kuyasukuma. Jani linapofungua vitundu vyake ili kuvuta hewa, maji huvukiza, na yanayoondoka huyavuta yaliyo nyuma yake, na hayo huyavuta mengine, hadi kwenye udongo. Wanasayansi Henry Dixon na John Joly walieleza jambo hili mjini Dublin mwaka 1894, na maelezo yao yamesimama hadi leo. Kwa hiyo maji ya mishipani yako katika mvuto muda wote wa mchana: jua linayavuta juu, udongo unayashika chini. Udongo ukikauka mvuto huzidi. Ukizidi mno, hewa huingia, uzi wa maji hukatika, na mshipa huo hupoteza kazi. Mishipa mingi ikikatika, tawi hufa.

Mahali pa pili ni seli hai zilizo katikati ya mishipa hiyo. Hizi zina kuta nyembamba, hunywa maji na kuvimba, hutoa maji na kusinyaa. Mahali pa tatu ni gome, na hapa namaanisha sehemu yake ya ndani iliyo hai, ile yenye ubichi unayoikuta ukishapita ganda kavu la nje. Gome hunyumbulika kuliko mbao, kwa hiyo ni rahisi kwake kutoa maji na kuyapokea tena.

Kazi ya akiba hii katika mti wa kawaida ni ya saa, haifiki miezi. Asubuhi majani yakifunguka, maji ya kwanza kutumika hayatoki udongoni, kwa sababu safari kutoka mizizini ni ndefu. Yanatoka kwenye seli zilizo karibu, matawini na shinani. Mchana jua linapokuwa kali, akiba hiyo huzuia mvuto usipande kwa ghafla. Usiku majani yakifunga, mizizi inaendelea kunyonya na seli zinajaa tena. Ndiyo maana shina la mti hukonda mchana na kunenepa usiku. Tofauti ni ndogo sana, sehemu tu ya milimita katika miti mingi, lakini ukanda wa kipimo uliofungwa shinani huionyesha bila shaka. Watafiti waliopima miti mikubwa ya msitu wa Panama, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, walikuta kwamba maji yaliyotoka kwenye akiba yalikuwa kati ya asilimia 9 na 15 ya maji yote yaliyotumiwa na mti kwa siku. Mmoja wa miti hiyo ni Anacardium excelsum, ndugu wa mkorosho wetu. Asilimia hizo zinaonekana ndogo. Lakini ndizo zinazouwezesha mti mkubwa kuendelea kufanya kazi saa za mchana ambazo mti mdogo umeshafunga majani.

Kutoka hapo miti inaachana njia, na fundi seremala anaijua njia hiyo kwa mikono yake. Upande mmoja kuna mpingo na mbambakofi. Mbao za mpingo ni nzito hata huzama majini. Mbambakofi ndiyo mbao ya milango inayorithiwa. Ndani ya mbao kama hizi kuta za seli ni nene na nafasi iliyobaki ni finyu, kwa hiyo akiba ya maji ni kidogo. Badala yake mishipa yao huhimili mvuto mkali bila kukatika. Miti hii huvumilia. Upande wa pili kuna mbuyu na msufi, ambao kwa ukoo ni wa jamii moja, wenye mbao laini, nyepesi, zilizojaa seli hai na maji. Mishipa yao haivumilii mvuto, na miti hii hailazimiki kuuvumilia: kiangazi kikikaza, hupukutisha majani na kufunga kazi. Mti usio na majani haupotezi maji mengi. Kati ya pande hizo mbili kuna daraja nyingi, na miti mingi ya Kwale iko hapo katikati.

Sasa tuusogelee mbuyu wenyewe. Ngozi ya nje ni laini na ya kijivu, mahali pengine ina rangi ya zambarau iliyofifia. Ukiikwaruza kwa ukucha, chini yake kuna utando mwembamba wa kijani. Hicho ni kijani kile kile cha majani: mbuyu uliopukutika unaendelea kufanya usanisinuru kidogo kwa gome lake, bila kulazimika kufungua jani hata moja. Chini ya kijani kuna gome lenyewe, nene kiasi cha kufika sentimita 10 katika mti mkubwa, lililojengwa kwa nyuzi ndefu zenye unyevu zinazotoka kwa vipande ukizivuta. Ni nyuzi hizi zilizotoa kamba za pwani na vyondo vya zamani vya Ukambani. Ndipo unafika kwenye mbao, kama neno mbao linafaa. Ni nyeupe inayoelekea manjano, ukiibonyeza kwa kidole inaingia, na maji hutoka kwenye ukingo wa kidole. Kipande hicho hicho kikiachwa juani siku chache hubaki tabaka za nyuzi nyepesi zinazobanduka. Hakuna fundi atakayekitengenezea hata kigoda.

Utafiti bora nilioupata juu ya maji haya ulifanywa katika kisiwa cha Madagascar, nyumbani kwa aina sita za mbuyu ambazo hazipatikani kwingine. Saharah Moon Chapotin na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2006. Walikuta mbao zenye maji hadi asilimia 79, zenye uzito mkavu wa gramu 0.09 hadi 0.17 tu kwa kila sentimita ya ujazo, na seli hai zikiendelea kupita sentimita 35 ndani kutoka kwenye gome, jambo lisilo la kawaida katika miti. Mpaka hapo, sifa za mbuyu zinathibitika. Kisha wakauliza swali ambalo waliotangulia hawakuwa wamelipima vya kutosha: mti unayatumia lini maji haya, na kwa kazi gani?

Walilopata linapindua hadithi ya tangi. Wakati wote wa kiangazi, mti ukiwa hauna majani, akiba ilibaki karibu vile vile. Ilianza kupungua mwishoni mwa kiangazi, majuma machache kabla ya mvua, mti ulipokuwa unachipusha majani mapya. Maji ya shinani ndiyo yaliyojaza na kutandaza majani hayo, na maji ya mbao yalishuka kwa hadi asilimia 12. Lakini majani yakishakomaa, mti haukuthubutu kufungua vitundu vyake kwa nguvu ya akiba. Ulisubiri mvua. Kwa maneno mengine, mbuyu hutumia sehemu ndogo ya hazina yake ili siku mvua inaponyesha uwe tayari una majani, usipoteze wiki mbili tatu za msimu ukiyatengeneza. Katika jiwe la matumbawe, ambako maji ya mvua hupita mbio, wiki hizo ni mali. Huo ndio ujanja mkubwa wa mbuyu, na kwangu unavutia kuliko lita 120,000.

Rudi sasa kwenye mti wetu wa hesabu, wenye lita 50,000. Asilimia 12 yake ni lita 6,000. Zile 44,000 zinazobaki zinafanya nini?

Zinausimamisha mti. Mboga ya mchicha iliyonyweshewa husimama wima na isiyonyweshewa hulegea, kwa sababu shina lake halina mbao za kulishika. Linashikwa na maji yaliyobana ndani ya seli. Mbuyu, pamoja na ukubwa wake, umejenga sehemu ya ukakamavu wake kwa njia hiyo hiyo. Kuta za seli ni nyembamba, mbao ni laini, na watafiti wale walipopima nguvu za mashina walikuta kwamba bila maji mti ungekuwa hatarini kuelemewa na uzito wake wenyewe. Unene wake wa ajabu unasaidia: mbao dhaifu zikiwa nyingi na pana hushika mzigo ambao mbao imara chache zingeushika. Lakini lazima ziwe zimejaa. Mbuyu ukinywa akiba yake yote ungeanguka. Mifupa yake ni maji.

Ndiyo sababu mbuyu unapokufa hauachi gogo kavu lililosimama miaka kama mwembe au mkwaju. Huporomoka, na katika muda mfupi panabaki lundo la nyuzi. Aliyewahi kuliona lundo hilo hahitaji kuelezwa zaidi kazi ya maji ndani ya mti.

Ndovu wanajua maji haya yako wapi na yanapatikana vipi. Tsavo, hasa katika ukame mkali wa 1970 na 1971, walichimba mibuyu kwa pembe, wakatafuna mbao zenyewe, na mibuyu mingi ya mbuga hiyo ikaisha. Hawakutoboa tundu na kunywa. Haiwezekani. Maji yamefungwa ndani ya mamilioni ya seli, na ukiutoboa mbuyu hautiririki. Hadithi za watu waliochota maji ndani ya mbuyu ni za kweli, ila zinahusu jambo jingine: mti wenye uvungu. Ibn Battuta, akisafiri kuelekea Mali mwaka 1352, aliona miti mikubwa ambayo maji ya mvua yalikuwa yamekusanyika ndani yake, na watu wakinywa humo kama kisimani. Huko Kordofan, Sudan, watu waliifanya kazi hiyo kwa makusudi: walichonga uvungu wa mbuyu, wakauelekezea maji ya mvua, na kuutumia kiangazi kizima. Hilo ni tangi kweli, lakini limetengenezwa na binadamu, na maji yake ni ya mvua. Mti wenyewe unahifadhi ya kwake pembeni, kwenye kuta za uvungu huo.

Akiba ya ndani inaeleza pia tukio lililowakera watu wengi wa pwani. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa mashambani, ikakatwa matawi na sehemu kubwa ya mizizi, ili isafirishwe kwa meli hadi bustani ya mimea nchini Georgia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa, kwa mujibu wa magazeti, kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti. Mwezi Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza wizara ichunguze kama kibali kilitolewa kihalali. Mti gani mwingine wa ukubwa huo ungeweza hata kufikiriwa kwa safari kama hiyo? Mwembe uliong'olewa hivyo hunyauka ndani ya siku chache. Mbuyu uliopukutika una maji ya kukaa muda mrefu bila mizizi, ndipo mtu akauona kama samani. Ila uwezo wa kuchelewa kufa hauna uhusiano na uwezo wa kuishi. Akiba ya mbuyu imepangwa kwa kungoja mvua ya masika, na Georgia baridi yake ina barafu.

Nimekaa kwa mbuyu kwa sababu ndio unaosemwa sana. Mnazi unastahili neno, na watu wa Bongwe wanauishi kila siku. Mnazi hauna gome kwa maana ya kweli, wala haunenepi mwaka hadi mwaka. Mishipa yake imetawanyika shina zima, iliyobana zaidi ukingoni, na katikati kuna nyama laini yenye maji. Aliyepasua gogo la mnazi anajua kwamba msumeno hupiga kelele ukingoni na kuzama katikati. Seli hizo za katikati hubaki hai maisha yote ya mti, hata zile za chini kabisa zilizozaliwa mnazi ukiwa mchanga, na huhifadhi maji muda wote huo. Hasara yake ni kwamba mnazi hauponi. Vidato ambavyo mgema amekata shinani ili apate pa kukanyaga vitabaki pale pale, wazi, hadi mnazi uanguke. Na tembo analokinga asubuhi na jioni kwenye ua changa lililo ndani ya karara halitoki kwenye akiba hiyo ya shina. Ni maji matamu ya mishipa ya chakula, yale yanayosafirisha sukari kutoka majanini. Watu huchanganya mambo haya mawili, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Kwenye kuponya, mbuyu ndio bingwa. Mti mwingine ukibanduliwa gome pande zote hufa, kwa kuwa njia ya chakula iko gomeni. Mbuyu huotesha gome jipya juu ya jeraha. Tazama mibuyu ya zamani karibu na makazi: kuanzia kimo cha mtu kushuka chini, ngozi ina mikunjo, mabonde na kingo nene, alama za vizazi vilivyochukua nyuzi kwa kamba. Siri yake ni zile seli hai nyingi zilizo ndani ya mbao, zenye maji na uwezo wa kugawanyika upya. Akiba ya maji na uwezo wa kupona ni kitu kimoja kikifanya kazi mbili. Hata hivyo uwezo huo una kikomo. Gome lililobanduliwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa, au katikati ya ukame, humwaga unyevu ambao mti unauhitaji kusimama.

Mfano ambao wengi hawaujui, na ambao unapaswa kutupa fahari, uko kusini kidogo kwa matatu, Gazi. Ghuba ya Gazi ina mikoko iliyochunguzwa sana, kwa sababu taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ina kituo pale, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza hewa ya ukaa ya mikoko hiyo kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Mti wa mkoko umezungukwa na maji na bado una kiu. Chumvi huyashika maji ya bahari, na mizizi hulazimika kuyavuta kwa nguvu kubwa kuyatenganisha nayo. Kwa mishipa ya mti, tope la chumvi ni sawa na udongo mkavu.

Kati ya aina zote za Gazi, mchu ndio unaostahimili chumvi ya viwango vingi zaidi. Unauona ukingo wa bahari, na unauona tena nyuma kabisa, upande wa nchi kavu, kwenye chumvichumvi ambako maji hufika kwa bamvua tu. Kata shina la mchu na utaona mistari ya duara, myembamba na myeupe, ikipishana na mbao. Anayeijua miti mingine atasema ni miaka. Siyo. Mwaka 2007 watafiti wa Kibelgiji wakishirikiana na Wakenya walionyesha kwa miti hiyo ya Gazi kwamba mistari hii haifuati misimu ya mvua. Ile myeupe ni mishipa ya chakula, ambayo katika mti wa kawaida ingekuwa gomeni, lakini mchu huizika ndani ya mbao zake na kuanza tabaka jipya juu yake, tena na tena. Elisabeth Robert na wenzake walifuatilia jambo hilo katika makala ya 2011 na kukuta kwamba pale ambapo mazingira ni magumu zaidi, mtandao huu wa ndani unazidi kusukana. Wanadhani tishu hizi laini zilizo katikati ya mbao ni ghala za maji zilizosogezwa karibu na kila mshipa, tayari kuusaidia uzi wa maji ukikaribia kukatika. Mbuyu umeweka akiba yake katika shina pana. Mchu, wenye mbao ngumu kiasi na shina jembamba, umeisambaza ndani kwa tabaka. Kati ya Bongwe na Gazi, kwa nauli ndogo ya matatu, mtu anaona majibu mawili tofauti kabisa kwa swali moja.

Mambo haya yana uzito wa kivitendo, na sioni tukiyazingatia. Serikali imepanga kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila msimu wa mvua shule, makanisa, misikiti na machifu hupewa miche. Mazungumzo huwa ni ya idadi. Ni nadra kuuliza mti fulani unatumia maji vipi, unayaweka wapi, na unanyamaza lini. Mkaratusi haupukutishi majani kiangazi. Unaendelea kuvuta maji chini mwaka mzima, na ndiyo sababu mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya mito. Kwetu, ambako visima vya Ukunda na Diani vinategemea maji ya chini yaliyo juu ya maji ya bahari, mti wa kijani mwaka mzima na mti unaofunga kazi miezi ya kaskazi haina athari moja. Mimi simkatazi mtu kupanda mvinje wa kuuza nguzo. Nasema tu kwamba kando ya kisima hapana nafasi ya mti usiojua kunyamaza.

Na mibuyu yenyewe haiko salama kwa sababu tu ni mikubwa. Mwaka 2018 Adrian Patrut na wenzake waliripoti kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kabisa waliyoipima barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake za kale zaidi zimeporomoka, tangu 2005. Mmoja, mti wa Panke wa Zimbabwe, ulikuwa na umri wa miaka kama 2,450. Hiyo ni miti ya kusini mwa bara, na watafiti walishuku mabadiliko ya hali ya hewa bila kuthibitisha. Lakini kwa mti ambao mifupa yake ni maji, joto linalozidi na mvua inayokosea msimu ni tishio linaloeleweka.

Hapa Kwale tishio la karibu zaidi ni dogo kwa kimo. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha, na ni hivyo hasa. Mche wa mbuyu mwaka wake wa kwanza hauna yale majani yenye vidole tunayoyajua. Una jani moja moja, lisilogawanyika, na shina laini la kijani. Mpaliliaji hautambui, anaung'oa pamoja na magugu. Usiopaliliwa huliwa na mbuzi. Ukiung'oa taratibu utaona mzizi wake mkuu umevimba, mnene kuliko shina, umejaa maji: akiba ya kwanza, iliyowekwa kabla ya kitu kingine chochote, ili mti upite kiangazi chake cha kwanza. Ndiyo maana penye mbuyu mkubwa Bongwe mara nyingi huoni mdogo karibu yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye shamba ni hili. Masika ijayo, ukipalilia karibu na mbuyu mkubwa, tazama mche kabla ya kuutupa. Ukikuta mzizi wake umevimba, urudishe, uzungushie miiba mbuzi wasiufikie, na uuache hapo walau mpaka majani ya vidole yatokee.